Seva ya shule inaanguka kila siku ya matokeo, nianzie wapi?

mwalimu_busia

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Busia upande wa Uganda, na tangu muhula uliopita nimepewa pia kazi ya kompyuta manake kijana aliyekuwa anashughulikia alipata kazi kwingine akaenda, akaniachia karatasi moja yenye IP na paswedi ya root (mtumiaji mkuu wa seva) basi. Tuna seva moja ya kukodi iko Ujerumani, Ubuntu 22.04, RAM 1 GB, diski 25 GB, CPU moja. Ndani kuna saiti ya shule na mfumo wa matokeo, mzazi anaingiza namba ya mtoto anaona alama.

Siku za kawaida iko polepole kidogo lakini inafunguka. Shida ni siku tukituma SMS kwamba matokeo yametoka, ndani ya nusu saa inaandika 502 Bad Gateway kwa kila mtu, mara moja moja 504, simu za wazazi zinaanza, hedimasta ananiita, mimi naingia kwa paneli ya wanaotukodisha nabonyeza riboti, inarudi dakika kumi na tano au ishirini halafu inaanguka tena. Mara ya mwisho niliriboti mara saba kwa siku moja. Mzazi mmoja alipanda boda kutoka Namayingo akaja mpaka shule kuuliza kama mtoto wake amefutwa, na hiyo iliniuma sana.

Linux najua cd, ls na kuhariri kwa nano. Sitaki mtu anifanyie, nataka nielewe mwenyewe ndo maana nauliza hapa. Matokeo mengine yanatoka baada ya wiki tatu. Je, niombe shule inunue seva kubwa zaidi? Pesa ni kidogo lakini nikiwaeleza vizuri watatoa.

kijana_malaba

pole mwalimu, hiyo 502 nimeiona sana, PHP (lugha inayoendesha saiti yenu) ndo imeelemewa. fungua /etc/php/8.1/fpm/pool.d/www.conf tafuta pm.max_children (idadi ya maombi PHP inayoshughulikia kwa pamoja), utakuta 5, weka 50 halafu ristati. kisha weka kroni (ratiba ya kazi za kujiendesha) iwe inaristati php kila dakika kumi siku ya matokeo, utalala vizuri

Nalongo_K

Mwalimu, hiyo ya hamsini usiiguse kwanza. Kijana wa Malaba amegusa mahali penyewe lakini ukipandisha bila kupima, seva ya 1 GB itakufa kabisa badala ya kuchoka, nitakuonyesha hesabu yake baadaye na wewe ni mwalimu wa hesabu utaiona mara moja.

Kwanza elewa 502 inasema nini. Kwa seva yako (nadhani ni nginx, hakikisha) kuna watu watatu wamepanga mstari. nginx ndo bawabu, anakaa mlangoni kwa porti 80 na 443, anapokea ombi la mzazi. Bawabu hajui alama za mtoto, anapeleka ombi nyuma kwa PHP-FPM, hao ndo makarani. Karani naye anaenda kwa databesi, hiyo ndo stoo ya mafaili. Ukiona 502 maana yake bawabu yuko hai kabisa, ameenda nyuma akakosa mtu wa kumpokea. Ukiona 504 maana yake alipokelewa, akangoja sekunde 60, jibu halikuja. Kwa hiyo mtandao wako hauna shida, domeini haina shida, nginx haina shida, tatizo liko kwa makarani ama stoo. Umeona vile namba moja tu imetuondolea nusu ya maswali?

Na riboti acha. Riboti inafanya kazi dakika ishirini kwa sababu imewafukuza wote waliokuwa kwenye foleni, si kwa sababu imerekebisha kitu, na ile hali uliyotakiwa kuiangalia inapotea nayo.

Kabla ya kugusa chochote ingia kwa paneli uchukue snapshoti (nakala ya seva nzima ilivyo), kisha toa bakapu ya databesi na uishushe kwa laptopu yako. Baada ya hapo tuletee majibu ya hizi:

df -h
free -m
sudo du -xh / --max-depth=4 | sort -h | tail -20
sudo tail -50 /var/log/nginx/error.log
sudo tail -50 /var/log/php8.1-fpm.log

Ya kwanza inaonyesha diski, ya pili RAM, ya tatu ni nani anakula diski, mbili za mwisho ni logi. Logi ndo mahali seva inaongea, na ukiondoa IP za wazazi unaweza kuzibandika hapa.

mwalimu_busia

Asante sana Nalongo, hiyo ya bawabu imeniingia. Ni nginx kweli. Snapshoti nimechukua, bakapu iko kwa laptopu. Majibu haya:

diski: 25G, imetumika 24G, 97%
RAM: jumla 957, imetumika 610, swap 0
kubwa zaidi kwa diski: /var/www/html/bakapu 16G

error.log imejaa mstari huu mmoja mara nyingi sana:
connect() to unix:/run/php/php8.1-fpm.sock failed (11: Resource temporarily unavailable) while connecting to upstream

logi ya php:
WARNING: [pool www] server reached pm.max_children setting (5), consider raising it

Kwa folda ya bakapu kuna faili za .sql moja kwa kila siku, zimeanza 2023. Naona logi yenyewe inasema kama kijana wa Malaba, niongeze. Sasa?

Nalongo_K

Mwalimu acha kila kitu, shughulikia hiyo folda ya bakapu SASA HIVI kabla hujasoma mbele.

/var/www/html ni ile folda nginx anaionyesha dunia nzima. Maana yake mtu yeyote akiandika anwani ya saiti yenu halafu /bakapu/ na jina la faili, anashusha databesi yote ya shule, majina ya watoto, alama, namba za simu za wazazi, na majina ya faili ni tarehe tu kwa hiyo si kazi kukisia. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu majina kama hayo kwa kila saiti. Na sisi hapa Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, shule inawajibika kwa taarifa za watu ilizokusanya. Fanya hivi:

sudo mv /var/www/html/bakapu /var/backups/shule
sudo chown -R root:root /var/backups/shule
sudo chmod 700 /var/backups/shule

Kisha tafuta skripti inayozitengeneza (angalia sudo crontab -l na /etc/cron.d) ubadilishe njia, na uongeze mstari wa kufuta zilizozidi siku 14, manake kwa sasa inaandika tu haifuti na diski ikijaa kabisa databesi itagoma kuandika. Zile za zamani shusha kwanza kwa diski ya nje.

Halafu angalia kama kuna mtu ameshashusha:

sudo zgrep -h bakapu /var/log/nginx/access.log*

Ukiona 404 (faili halikupatikana) kwa namba ya jibu hakuna shida, ukiona 200 (faili limetolewa) kwa IP usiyoijua mwambie hedimasta siku hiyo hiyo, usifiche. Ubuntu inaweka logi za nginx kwa siku 14 tu kwa kawaida, kwa hiyo zaidi ya hapo hatutajua, na ndo maana nasema ufanye leo.

mwalimu_busia

Nimehamisha. Mikono ilikuwa inatetemeka. zgrep imeleta 200 moja tu na ni IP ya shule, nilikuwa mimi mwenyewe nikiangalia jana. Hedimasta nimemweleza hata hivyo. Skripti nimeipata na njia nimebadilisha, za zamani nimezishusha zote kwa diski ya nje nikafuta kwa seva, sasa diski iko 35%.

Nalongo_K

Vizuri sana, umefanya kama mtu wa kazi. Sasa turudi kwa foleni.

Wewe uko Busia unajua malori pale mpakani. Chukua una makarani watano dirishani, kila karani akichukua faili la dereva mmoja hawezi kuchukua lingine mpaka amalize. Nyuma yao kuna uwanja wa kungojea, kwa PHP-FPM uwanja huo unachukua 511. Uwanja ukijaa, lori la 512 linarudishwa barabarani, hiyo ndo "Resource temporarily unavailable" yako. Kijana wa Malaba anasema ongeza makarani wawe hamsini. Lakini kila karani wa PHP anakula RAM, chukua MB 50 kwa kukadiria. 50 × 50 ni 2500. Wewe una 957 na databesi na mfumo wenyewe vimeshakula kama 450. Linux ikiishiwa RAM inachagua programu moja kubwa na kuiua, na mara nyingi kubwa ni databesi. Hapo hutaona tena 502, utaona databesi imekufa, na ndo mbaya zaidi. Ukitaka kujua kama imeshatokea: sudo dmesg -T | grep -i oom

Kwa RAM yako waweza kwenda mpaka 8, na uweke swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya 1 GB iwe akiba. Lakini swali kubwa hatujaliuliza. KWA NINI karani anakaa na faili moja muda mrefu hivyo? Ukurasa wa alama za mtoto mmoja ni kitu cha nukta ya sekunde. Umesema hata siku za kawaida iko polepole kidogo, hiyo "polepole kidogo" ndo inanisumbua mimi. Washa logi ya maswali ya polepole kwa databesi. Ingia sudo mysql halafu:

SET GLOBAL slow_query_log = 1;
SET GLOBAL long_query_time = 0.2;

Fungua matokeo ya mtoto mmoja kwa simu yako, saa za usiku wakati hakuna mtu mwingine, kisha angalia faili la logi kule /var/lib/mysql, jina lake linaishia na -slow.log.

kijana_malaba

Nalongo nimekubali, hesabu ya RAM sikuwahi kuifanya, mimi seva yangu ina GB 8 ndo maana ilivumilia. Sasa kwa nini asihamie Apache, nasikia nginx ndo ina shida na php

Nalongo_K

Hapana, hapo utabadilisha bawabu na shida iko kwa stoo. Apache ni ya 1995, ni nzuri, nimeiendesha miaka mingi na ile .htaccess yake (faili la mipangilio ndani ya folda ya saiti) inasaidia sana watu wa WordPress. nginx ilitolewa 2004 na Igor Sysoev, Mrusi, lengo likiwa ni bawabu mmoja ahudumie watu elfu kumi kwa wakati mmoja bila kufungua mlango mpya kwa kila mtu. Kwa seva ndogo yenye wageni wengi wa simu, intaneti yao ikiwa ya kukatikakatika, nginx inabeba vizuri. Lakini yoyote kati ya hizo mbili ingelia vilevile hapa.

mzee_bombo

Nimesoma yote, Nalongo hongera. Mimi nina maoni tofauti kidogo. Kwa nini shule ya Busia iweke alama za watoto Ujerumani? Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, mimi nilikuwa nashughulikia zahanati moja, mafaili yote yako nje, tulirudi kwa daftari. Tangu siku hiyo naweka kompyuta moja ndani ya jengo, Ubuntu hiyo hiyo, watu wa ndani wanafanya kazi kwa waya hata intaneti ikienda. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye RAM GB 8 ni bei rahisi kuliko kukodi miaka mitatu.

Nalongo_K

Mzee wangu hilo nakubali nusu. Kwa walimu kuingiza alama, ndiyo, seva ya ndani ni bora, waya wa shule hauhitaji mtu yeyote wa nje. Kwa wazazi walioko nyumbani haiwezi. Moja ni umeme, ukikatika saa mbili usiku na hakuna UPS yenye betri ya kutosha basi na saiti imelala. Ya pili, laini nyingi za intaneti tunazouziwa hazina IP yake ya hadhara, watu wengi wanachangia IP moja, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kukufikia hata ufungue porti. Akipata pesa baadaye aweke zote mbili, ya ndani ya kuingiza na ya nje ya kuonyesha tu. Na hiyo ya ndani iwe na nakala ya bakapu.

mzee_bombo

Hapo tumeelewana.

dada_arua

Mwalimu samahani naingilia, hakuna aliyezungumzia hiyo paswedi ya root kwenye karatasi. Aliyekuachia bado anaijua, na sisemi ni mtu mbaya, ila paswedi wanaijua watu wawili na mmoja hayuko tena kazini. Tena jaribu sudo grep -c "Failed password" /var/log/auth.log uone ni mara ngapi wageni wanabisha hodi, hiyo haijakulenga wewe, ni roboti zinapiga porti 22 ya kila seva, ule mlango wa ssh tunaoingilia seva kutoka mbali.

Tengeneza mtumiaji wako kwa adduser, mpe sudo (usermod -aG sudo jina), kwa laptopu yako fanya ssh-keygen -t ed25519 halafu ssh-copy-id. Ingia kwa ufunguo, ukiona umeingia ndo ufunge root na paswedi kwa sshd_config, PermitRootLogin no na PasswordAuthentication no. Angalia pia folda ya /etc/ssh/sshd_config.d, seva nyingi za kukodi zina faili kule linalosema yes, na sshd inafuata lile lililosomwa kwanza, kwa hiyo unadhani umefunga kumbe wazi. Hakikisha kwa sudo sshd -T | grep -i passwordauth

Firewali ni ufw. Ufw allow OpenSSH KWANZA, kisha allow 80 na 443, kisha ndo enable. Mimi niligeuza mpangilio siku moja nikajifungia nje ya seva ya ofisi usiku, nikangoja mpaka asubuhi waliotukodisha wafungue, na watu hawakupata huduma usiku mzima kwa sababu yangu. Tangu hapo kila nikigusa ssh au firewali naacha dirisha la zamani wazi, najaribu kuingia kwa dirisha la pili, likikubali ndo nafunga la kwanza.

Na ya mwisho, domeini yenu imeandikishwa kwa jina la nani?

mwalimu_busia

Dada wa Arua, auth.log imesema 11,380 na ni faili la wiki hii peke yake. Sikulala. Nimefanya yote kama ulivyosema, na kweli lile faili la yes lilikuwepo.

Nalongo, logi ya polepole nimeipata. Ukurasa wa mtoto mmoja unauliza databesi mara 12, mara moja kwa kila somo, na kila swali linachukua karibu sekunde 0.4 na linasema Rows_examined 412,000 na kitu. Nikapiga hesabu: 12 × 0.4 ni kama sekunde 5 kwa mzazi mmoja, CPU ni moja, kwa hiyo wazazi 12 kwa dakika. Sisi tunatuma SMS kwa wazazi 900 kwa mpigo. Hiyo ni dakika 75 kama hakuna anayebonyeza mara mbili, na wote wanabonyeza. Makarani hata wawe mia haibadiliki kitu.

Nikasoma nikaona dawa ni indeksi, nikaweka:

CREATE INDEX idx_namba ON alama (namba_mwanafunzi);

Imekubali bila eror. Lakini muda ni ule ule 0.4! Nimekosea wapi?

Nalongo_K

Hesabu yako ndo yenyewe kabisa, nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Indeksi umeweka sawa, ni kama kupanga daftari la mahudhurio kwa namba badala ya kupekua kurasa zote. Kama haitumiki mara nyingi sababu ni moja. Fanya DESCRIBE alama; uone namba_mwanafunzi ni aina gani. Nahisi ni varchar (maandishi), na ndani ya PHP swali limeandikwa WHERE namba_mwanafunzi = 20417 bila alama za kunukuu. Databesi ikilinganisha maandishi na namba inalazimika kugeuza kila mstari kuwa namba kwanza, manake '20417' na '020417' kwa namba ni kitu kimoja, kwa hiyo indeksi ya maandishi haimsaidii. Weka EXPLAIN mbele ya swali, ukiona type ALL (inapekua mistari yote) ndo hivyo. Kwa PHP tumia prepared statement (swali lenye nafasi wazi, namba ya mtoto unaituma kando) na uitume kama string, yaani maandishi, hapo unaziba pia mlango wa wale wanaoingiza SQL kwa boksi la namba ya mtoto.

Na usingoje siku ya matokeo ili ujue. Sakinisha apache2-utils kwa laptopu, usiku watu wakiwa wamelala piga:

ab -n 300 -c 30 na anwani ya ukurasa wa mtoto mmoja

Hao ni wazazi thelathini wanasukumana kwa pamoja. Piga seva yako tu, si ya mtu mwingine.

mwalimu_busia

Ilikuwa varchar. Nimebadilisha kwa PHP, faili tatu. EXPLAIN sasa inasema ref (indeksi inatumika) na rows 96. Ukurasa mzima unafunguka chini ya nukta mbili ya sekunde na muda mwingi hapo ni safari ya kwenda Ujerumani na kurudi. Nimeweka max_children 8 na swap 1 GB. ab ya watu thelathini imepita bila 502 hata moja. Seva kubwa siombi tena, hiyo pesa nitaomba UPS na kompyuta ya ndani kama alivyosema mzee wa Bombo.

dada_arua

na domeini?

mwalimu_busia

Iko kwa jina la yule kijana na barua pepe yake. Nimempigia, ni mtu mzuri, amekubali kuihamisha kwa jina la shule wiki hii. Cheti cha https pia nimeangalia, jaribio la kukihuisha kwa certbot (certbot renew --dry-run) limepita.

dada_arua

Sawa, ila andika tarehe zake mahali. Vyeti vya Let's Encrypt (wanaotoa cheti hicho) ni vya siku 90, na tangu 2025 waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha, timer ya kukihuisha ikigoma hakuna atakayekwambia mpaka wazazi waone onyo kwa simu.

mwalimu_busia

Narudi kuwaambia, matokeo yametoka jana saa nane mchana. Nilikaa na htop (inayoonyesha CPU na RAM) wazi mpaka saa tatu usiku. CPU ilifika 60% dakika kumi za kwanza ikashuka. Riboti sifuri. Simu zilipigwa mbili, zote ni wazazi waliosahau namba ya mtoto.

Leo nimechukua bakapu ya jana usiku nikairudisha kwa laptopu ya zamani ya maabara kuona kama kweli inafunguka, imechukua dakika mbili na alama zote ziko. Jumatatu naanza kumwonyesha mwalimu wa fizikia, nataka tuwe wawili tunaojua.